Leso Niliyochelewa Kuisoma

Siku ya tatu ndiyo niliyoisoma.

Siku mbili za mwanzo niliiona leso kama leso, ya buluu, ina pindo la manjano, mke wangu amejifunga kiunoni yuko jikoni anasukuma mahamri ya wateja wake wa asubuhi na mimi niko mezani na chai yangu nasubiri kutoka, saa kumi na mbili na nusu, Tudor, upepo wa kusi unapiga pazia. Siku ya tatu akainama kupunguza moto, akanipa mgongo, na jina la leso likanikalia mbele ya macho kama bango la barabarani.

KUNYAMAZA SI KUTOJUA.

Nikajiambia labda ni leso tu. Watu wananunua leso kwa rangi, ama kwa sababu iliyobaki dukani ni hiyo. Halafu nikakumbuka kwamba huyu niliyemuoa amelelewa na bibi yake kule Kuze, nyumba ambayo wanawake na mashoga zao walikuwa wakitukanana kwa leso mwezi mzima bila mtu kufungua mdomo, na kwa miaka 14 ya ndoa yetu sijawahi kumuona akinunua leso kabla ya kuisoma mara mbili.

Chai ikanikwama.

Manake nilikuwa na la kujulikana. Nilikuwa nalo miezi saba.

Mwizi wa nyumba yake mwenyewe

Mambo ya kliaring, hii kazi yetu ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa sidhani nahitaji kuyaeleza, tangu reli ya SGR ianze 2017 na makontena yakawa yanapandishwa treni kwenda kukaguliwa Nairobi tushaona kila rangi, na hata Septemba 2022 Rais Ruto aliposema shughuli zirudi bandarini, ofisi nyingi zilikuwa zishapunguza watu na zilizobaki hazikurudia unene wake. Yetu ni mojawapo. Januari tukaitwa mmoja mmoja, tukaambiwa anayetaka kubaki abaki kwa mshahara mdogo. Wangu ulitoka 62,000 ukawa 35,000. Nikasaini. Nikateremka ngazi, nikanunua kashata mbili kwa mzee wa pale nje, nikala nimesimama, na nilipomaliza ya pili nilikuwa nishaamua Mama Salma hatajua.

Hapo ndipo panaponisumbua. Kashata mbili! Sikukaa nikapima, sikulala nikaamka nayo, uamuzi niliukuta tayari ushafanyika, kama vile kuna mzee fulani ndani yangu alikuwa anasubiri hii siku ifike ili anipe maagizo.

Baadaye nilisema nilitaka kumlinda asiwe na wasiwasi. Nusu uongo hiyo. Nilijilinda mimi. Kwetu mume ni matunzo, dini yenyewe imeniwekea chakula, mavazi na makazi juu yangu hata kama mke ana pesa kunishinda, na chake ni chake. Hukumu hiyo mimi naiona ni ya haki kabisa, ila tafsiri niliyokua nayo mtaani ni nyingine, kwamba mfuko ukipungua na uanaume umepungua kiasi hicho hicho, shilingi kwa shilingi.

Basi nikaanza mahesabu ya mwizi. Pikipiki nikaiuza, nikasema iko kwa fundi. Changu wa Ijumaa akageuka dagaa, nikasema daktari kaniambia nipunguze mafuta, kana kwamba changu ni nyama ya nundu. Ada ya skuli nikakopa kwa huyu, ya madrasa kwa yule, katikati nafuliza, nakopa Fuliza kwenye simu, nalipa, nafuliza tena. Yule fundi wa pikipiki akawa maarufu nyumbani, ikafika Salma anauliza, "Baba, fundi bado hajapona?" Manake kuna wiki nilikuwa nimemuuguza pia.

Mke wangu akisikia hivyo anaendelea na shughuli zake. Nikaona nimefaulu.

Mtungi wa gesi

Mwezi wa tano, Jumamosi, gesi ikakatika katikati ya pilau. Mama Salma akanambia nibebe mtungi niteremke dukani, na kwa vile nilisema sina kesh, akanitumia 1,500 kwa simu kutoka kwenye hela zake za mahamri. Tunakaa orofa ya tatu. Nikaubeba mtungi begani, nikateremka, nimefika dukani namwambia kijana nipe mwingine, simu ikalia.

Nikasoma ujumbe. Pesa imeingia. Chini yake, ujumbe mwingine: imelipa deni la Fuliza. Salio 0.00.

Anayefuliza anajua nnachosema. Ukiwa na deni, hela yoyote ikiingia inakatwa hapo hapo, haiulizi imetoka kwa nani wala ilikuwa ya nini. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana, na bado kwa dakika tatu nzima nilisimama pale natazama ile simu kama itabadilisha maneno. Kijana wa duka ashautoa mtungi, ashaufuta vumbi. Nikamwambia ngoja narudi. Nikapanda orofa tatu na mtungi mtupu begani, na mtungi mtupu wallahi siku hiyo ulikuwa mzito kushinda uliojaa.

"Gesi imewaishia," nikasema.

Mama Salma alikuwa amesimama kwenye roshani, pale anapoanika nguo. Kutoka pale duka la gesi linaonekana lote, mitungi imepangwa nje safu mbili, myekundu na ya kijani.

Akaitazama mitungi. Akanitazama mimi.

"Haya," akasema. Akaenda kutoa jiko la makaa.

Siku nne alipikia makaa. Hakuuliza zile 1,500 ziko wapi na mimi sikumrudishia, ikawa kama hakuna kitu kilichotokea, na mimi mjinga nikashukuru Mungu nikaona nimepona. Miezi mitatu baadaye ndio ile leso.

Somo lake na somo langu

Tangu asubuhi ile nimekuwa nikijiuliza swali moja. Watu wawili wanaolala kitanda kimoja, wanaopendana, wanaocheka pamoja, wamefikaje mahali pa kuambiana kitu kwa maandishi ya kwenye nguo?

Yeye alifundishwa. Wiki nzima kabla ya harusi aliwekwa ndani na somo wake, yaani kungwi, akasingwa, akatiwa hina, na akaambiwa maneno ambayo mpaka leo mengine sijui na sitakiwi kujua. Ninayoyajua ni yale anayoyataja mwenyewe akiwa na furaha: usimjibu mume akiwa na njaa, aibu yake ni aibu yako, ukiona kaja na uso mzito mpe maji kwanza. Somo wake naye alifundishwa na wa kwake, ukirudi nyuma unafika mpaka kwa Mwana Kupona aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, akamhesabia radhi tano za kumpeleka mtu pema na ya tano ikawa ya mume. Yaani mwanamke wa pwani anaingia ndoani na elimu ya karne mgongoni, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni namna ya kuishi na mwanamume asiyesema.

Na mimi?

Asubuhi ya nikahi mjomba alinifunga kilemba, akaniweka joho sawa mabegani, akanitazama kwenye kioo. "Haya, ushakuwa mume. Usituaibishe."

Masomo yangu yakaishia hapo.

Kitu kingine nimekiona juzi tu. Kwenye nikahi imamu alitusomea ile aya ya Suratul Baqara, kwamba wao ni vazi kwenu na nyinyi ni vazi kwao, kila mtu hapa ashaisikia mara mia. Lakini nikahi inafungwa msikitini. Mimi nilisikia maneno hayo nimeshikana mkono na babake, msikiti umejaa wanaume, na yeye mwenye kuwa vazi langu yuko nyumbani kwao chumbani na wanawake. Ile habari ya kuvaana tuliambiana wanaume. Hatujawahi hata siku moja kukaa mimi na yeye tukaulizana: vazi vipi? Linafunika nini, na kwa nani?

Sitara, tunaiita. Neno zuri, na mimi sitaki kulitupa, manake naona kwenye simu watu wanavyomwaga ya ndani kwao mbele ya watu wasiowajua halafu wanaita uwazi. Mtu asiye na sitara anachosha. Ila nguo inamficha mtu kwa wa nje, ngozi yenyewe haifichwi na nguo, si ndio imegusana nayo. Sisi, mimi hasa, tumeichukua ile nguo tukaitundika katikati ya kitanda kama pazia.

Mimi namuita Mama Salma, yeye ananiita Baba Salma. Jina lake silitaji mbele ya watu na yeye langu hivyo hivyo. Ni heshima na naipenda. Lakini kuna siku nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomuita jina lake hata tukiwa peke yetu, nikashindwa.

Kikowani, 2009

Baba yangu alizikwa Kikowani siku ya Jumatano. Baada ya dua, kama ilivyo ada, ami akasimama akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi wake, na anayeweza kusamehe asamehe. Kawaida watu wanasema tumesamehe, mnarudi nyumbani. Siku ile walijitokeza watatu. Mmoja fundi cherehani, mzee mtaratibu sana, ana daftari la mraba la skuli, akalifungua pale pale akitetemeka kwa haya akanionyesha: miaka sita, kila Idi kanzu za sisi watoto wanne, alilipwa kidogo kidogo na zilizobaki hazikulipwa.

Zile kanzu nilizozivaa nikajigamba.

Mamangu aliuza bangili zake mbili. Hakuna aliyemwambia auze. Akiwa eda hatoki, alimpa khalati akampelekea sonara, pesa zikaja zimefungwa kwenye leso, akaniita akanambia kawape wenyewe. Nilikuwa na miaka 25. Nilijiapiza mimi sitamfanyia mke wangu hivi.

Nikamfanyia hivyo hivyo. Na pikipiki juu.

Wiki mbili zilizopita nilienda kumtazama Mama nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama alikuwa anajua yale madeni. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akautia. Akanambia, "Ushakula?"

"Nishakula, Mama. Ulikuwa unajua?"

"Kuna wali wa jana, mzuri, una nazi nyingi."

Nikala wali wa jana.

Mchele

Usiku wa siku ile niliyoisoma leso, watoto washalala, Mama Salma alikuwa amekaa chini kwenye mkeka anachambua mchele kwenye sinia kwa ajili ya kesho. Nilikuwa nimepanga hotuba. Njia nzima kutoka Makupa nilikuwa naipanga, ina utangulizi, ina hali ya bandari, ina mpaka wachina. Nilipofika pale yote ikapotea, nikajikuta nimekaa chini mkabala naye nimevuta upande wa sinia na mimi naanza kuchambua.

Sijawahi kuchambua mchele maisha yangu. Kwetu mwanamume akionekana na sinia ya mchele watu wanauliza nani mgonjwa.

"Una nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Bila utangulizi. Mshahara, pikipiki, deni la ada, 1,500 ya gesi, kila kitu, na vidole vyangu vinatoa chenga, na naona natoa na mchele mzima pamoja nazo lakini hakunisahihisha. Mikono ikiwa na kazi macho yanapata pa kwenda, nadhani ndio iliyonisaidia. Wanawake wanajua hili siku nyingi, ndio maana mazungumzo yao makubwa yote wanayafanya wakikuna nazi.

Nilipomaliza akasema, "Nimejua tangu mtungi."

Nikanyamaza.

"Pesa haijaniuma," akasema. "Unajua kilichoniuma? Mamako akinipigia ananiuliza mwenzio hajambo, nasema hajambo, kazi nyingi tu. Babangu akiuliza pikipiki nasema iko kwa fundi. Nakupigia pasi shati kila asubuhi uende ukaigize. Umenifanya muongo pamoja nawe, na hata hukunambia kama niko kwenye mchezo."

Hilo sikulitegemea. Nilijiandaa kwa machozi, nilijiandaa kwa "tutakula nini", na hata kwa dharau nilijiandaa, manake hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa miezi saba yote. Sikuwa nimewaza kwamba wakati mimi namficha yeye, yeye alikuwa ananificha mimi, na alikuwa anafanya kazi hiyo vizuri kuniliko.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungesema kweli?"

Hapana. Ningemtaja fundi.

"Wewe ukifunguka unapumua"

Ningeishia hapo ingekuwa makala nzuri ya kutuma kwenye magrupu ya ndoa: mume kasema, mke kaelewa, yakaisha. Lakini kilichonifanya nikae wiki tano na hii habari kichwani ni siku ya pili yake.

Siku ya pili niliamka mwepesi. Mwepesi kweli, nikaimba bafuni. Jioni nikamwambia Mama Salma, kwa roho safi kabisa, sasa tuanze ukurasa mpya, hakuna kufichana, mimi nishasema yangu, na wewe je? Ile chama chako ya tarehe tano, una kiasi gani huko?

"Cha kutosha," akasema.

Nikacheka. Nikamuuliza tena. Akanijibu tena, cha kutosha, na safari hii hakutabasamu. Na sitaficha, nikakasirika, nikamwambia basi uwazi gani huu wa upande mmoja, mimi nimejivua nguo zote niko hapa uchi, wewe umekaa na buibui lako.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema.

"Baba Salma, wewe ukifunguka unapumua. Mimi nikifunguka, pesa inaisha."

Akanitajia dadake. Sikuhitaji kutajiwa. Shemeji yangu alikuwa na biashara ya madira na baibui, imesimama vizuri, mumewe alikuwa hajui ina uzito gani. Siku moja kwenye kusikilizana, mapenzi yamenoga, akamfungulia daftari. Haukupita mwezi mume ana wazo la biashara. Anakopa kidogo, anarudisha, anakopa zaidi, na mwisho wa mwaka tukasikia ana mke mdogo Mtwapa. Hakumdanganya kitu, pesa aliombwa akatoa mwenyewe. Ila mahari ile ilitoka kwenye madira.

"Mimi si mumewe dadako," nikamwambia.

"Hata yeye hakuwa."

Nilitoka nikaenda barazani kunywa kahawa. Na nikiwa pale, kikombe mkononi, nikakumbuka Machi 2014, ule mswada wa ndoa bungeni, wabunge wanaume walipokiondoa kile kipengele cha mke wa kwanza kuwa na uwezo wa kukataa mume asiongeze mwingine, wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Sisi Waislamu tuna taratibu zetu, haikutubadilishia kitu. Lakini nakumbuka tulivyocheka barazani usiku ule. Tulicheka mpaka muuza kahawa akacheka. Nilikuwa nimeoa mwaka wa tatu. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mke wangu kama kichekesho, na yeye pia alicheka kidogo, nadhani, ama nilitaka kuona amecheka.

Chama yake aliingia mwaka ule. Sijui kama mambo haya mawili yanahusiana. Sijamuuliza.

Hapo ndipo nilipokwama, na bado nimekwama. Tunahimizana waume na wake waambiane, maimamu wanasema, mapasta wanasema, vijana wa mitandaoni wanasema na muziki nyuma, na wote wanazungumza kama kwamba uwazi ni mizani, wewe weka kilo na mimi niweke kilo. Mimi nilipomwambia mke wangu ukweli nilipoteza nini? Sura. Na sura ilirudi baada ya siku mbili, manake alikuwa anajua tayari. Yeye akinambia kiasi kile atapoteza kile ambacho kikitokea kifo, ama talaka, ama ujinga wangu, ndicho kitakacholipa kodi na kumpeleka Salma skuli. Neno ni moja, bei ni mbili, na mimi nilitaka alipe yake kwa sababu tu nimelipa yangu.

Halafu upande mwingine wa roho unanambia, kwani ndoa si amana? Mtu ukae naye miaka 14 umewekea mguu mmoja mlangoni? Inauma. Naandika hapa inauma.

Sio sisi tu

Nilidhani labda ni uswahili wetu. Jirani zetu wa mlango wa pili ni watu wa bara, wote wawili wanafanya kazi, wanagombana pesa kwa sauti tunasikia mpaka senti, na baada ya nusu saa unawasikia wanacheka. Nikawa nawaonea wivu, nikamwambia Mama Salma unaona wenzetu. Akanambia, wewe, yule mwenzio amejenga nyumba kwao kwa jina la mamake, mkewe amejua kwa picha za matanga ya babu yao, watu wamesimama mbele ya nyumba ya bati jipya.

Na rafiki yangu mmoja anafanya kazi kwa wakili, karibu na Treasury Square. Anasema tangu ile Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzako, ingawa Waislamu wameachiwa nafasi ya kufuata sheria ya dini kwenye mambo ya mali. Basi wake wanaletwa kusaini. Wanakaa, wanapewa kalamu, wanasoma karatasi, na mara kwa mara anasikia mtu anauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe tuna nyumba Kikambala?"

Mume anakohoa.

Biashara Street

Juzi nilienda Biashara Street kununua leso. Peke yangu. Wanaume huwa tunaenda kununua leso za jumla, za harusi ama za matanga, jozi ishirini hizo hapo funga, hatusomi. Mimi nilitaka moja na nilitaka kuisoma, nikajikuta nimezungukwa na wanawake wanaozifungua na kuzikunja kwa kasi ya ajabu wanasoma majina chini chini kama watu wanaopiga uradi. Muuzaji akaniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia nataka jina.

"La kumwambia nini?"

Pale ndipo nilipogundua sina jibu. Samahani? Haiko samahani, majina ya leso hayaombi samahani hovyo hovyo. Nakuamini? Nani kasema ananiamini. Nikafungua kumi na tano, kumi na sita. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu, mtu mzima, ana miwani, alinitazama muda mrefu halafu akavuta moja chini ya fungu akanipa, hakusema kitu, akaendelea na zake. Nikaisoma. Nikalipa.

Mama Salma aliipokea, akaifungua, akaisoma mara mbili kama kawaida yake. Akaikuna kwa ukucha.

"Rangi hii itachuja," akasema.

Mshahara ukiingia sasa namuonyesha simu, anatazama, anasema sawa, anarudi kwenye mahamri. Tarehe tano anaenda chama na mimi nakaa na watoto, na sijauliza tena, ingawa siku mbili tatu ulimi umewasha. Leso ameikata na kuipinda, hajaivaa bado. Nimeiona ameiweka kabatini, rafu ya juu kabisa, juu ya kile kibati cha biskuti ambacho mimi sikijui.